Mjadala: Wamisri wa kale walikuwa na miungu mingi kweli, na hawahitaji kuombewa radhi

Kila zinapotajwa habari za mafirauni, watu hugawanyika kambi mbili. Wa kwanza husema hao walikuwa washirikina, walisujudia ng'ombe na mamba, yamekwisha. Wa pili, na wengi wao ni watu wanaoipenda Afrika na historia yake, hujibu kwamba Wamisri walimwabudu Mungu mmoja tangu mwanzo, ila kwa majina mengi. Na shahidi wao mkubwa ni Firauni Akhenaten, aliyetaka aabudiwe Aten peke yake, yaani duara la jua. Mimi napingana na kambi zote mbili. Nimelelewa katika dini ya Mungu mmoja na sijaiacha, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nawapigia debe Amun na Isis, miungu ya Misri.

Nianze na neno lenyewe. Tukishatamka "ushirikina" tumehukumu kabla kesi haijasikilizwa. Asili yake ni shirki, kumshirikisha Mungu na kitu kingine, na mitaani limekwenda mbali zaidi: mshirikina ni mtu wa hirizi, wa kwenda kwa mganga usiku. Ukimvika neno hilo kuhani wa Karnak, hekalu kuu la Amun, wa miaka zaidi ya 3,200 iliyopita hutamwelewa kamwe. Mtazameni kazini. Asubuhi anavunja lakiri ya udongo kwenye mlango wa kijumba cha mungu, ndani kabisa ya hekalu, kwenye giza. Anafungua, anabusu ardhi. Anaisafisha sanamu, anaivika kitani, anaipaka mafuta, anaiwekea chakula. Akimaliza anafunga, na anapotoka anafagia nyayo zake mwenyewe, isibaki alama ya mguu wa binadamu mbele ya mungu. Mtu anayefagia nyayo zake anajua yuko mbele ya nani.

Na wale wanyama? Hathor, mungu mke, alichorwa ng'ombe, akachorwa mwanamke, akachorwa mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe, wakati mwingine simba jike. Hakuna Mmisri aliyechanganyikiwa kwamba yupi ndiye. Picha ilieleza tabia ya mungu, haikuwa sura yake.

Sasa kambi ya pili, ambao hoja yao ni nzito zaidi. Ipo karatasi ya mafunjo, leo iko Leiden, Uholanzi, yenye wimbo wa kumsifu Amun wa zama za Ramses II. Inasema miungu yote ni mitatu, Amun, Ra na Ptah, isiyo na mfano: jina lake limefichika akiwa Amun, uso wake ni Ra, mwili wake ni Ptah. Ukisoma hivyo unashtuka, unaona huyu mtu anamkaribia Mungu mmoja. Lakini mbona watatu wanabaki watatu? Mtaalamu Erik Hornung alilitetea jambo hili mwaka 1971: kwa Mmisri, mmoja na wengi havikupingana. Aliweza kumwambia Amun "wewe ni wa pekee", kisha akamwambia mungu mwingine maneno yaleyale katika hekalu jingine, na asione amesema uongo. Sisi ndio tunaotaka achague.

Aliyelazimisha watu wachague ni Akhenaten, na hapa ndipo ninapowashangaa wanaomfanya shujaa. Alitawala kama miaka 17, takriban 1353 hadi 1336 KK. Mwaka wa tano akabadili jina, akajenga mji mpya, Akhetaten, mahali panapoitwa leo Amarna. Akatuma watu wenye patasi waingie mahekaluni na makaburini kulifuta jina la Amun. Mahali pengine hata neno "miungu" likafutwa. Wimbo mkuu wa Aten ni mzuri, sikatai. Umechongwa katika kaburi la Ay, mkubwa mmoja wa serikali yake, na anayeijua Zaburi ya 104 atausikia mwangwi wake. Lakini mbona watu hawafiki mwisho wa wimbo huo? Unasema hakuna mwingine amjuaye Aten ila mwanawe, yaani mfalme. Tazameni mabamba ya mawe yaliyowekwa majumbani mwa wakubwa wa mji ule: miale ya jua inashuka ikiishia kwa viganja vidogo, na viganja hivyo vinashika alama ya uhai mbele ya pua za mfalme na malkia Nefertiti. Hakuna pua nyingine inayopewa. Mungu alikuwa mmoja, na mlango wa kumfikia ulikuwa mmoja, nao umekalia kiti cha enzi.

Ndiyo maana wachimbaji walipofukua nyumba za Amarna walikuta vijisanamu na hirizi za Bes, yule kibeti mwenye sura ya kutisha anayelinda wajawazito na watoto, na Taweret, kiboko anayesimamia uzazi. Hao ndio waliomsaidia mama aliyekuwa na uchungu usiku. Akhenaten alipokufa, Tutankhamun akasimamisha jiwe Karnak kueleza hali aliyoikuta: mahekalu kuanzia Elephantine hadi vinamasi vya Delta yameharibika, na mtu akimwomba mungu jambo, mungu haji. Ni maneno ya kisiasa, najua, ila hayakuandikwa kwa watu waliofurahi.

Linganisheni na Nebre. Huyu alikuwa mchoraji katika kijiji cha mafundi wa makaburi ya wafalme, Deir el-Medina, zama za Ramses II. Mwanawe Nakhtamun aliugua karibu na kufa. Mtoto alipopona, Nebre akachonga jiwe la shukrani, ambalo liko Berlin. Anamwita Amun yule ajaye kwa sauti ya maskini. Anasema mtumishi ni mwepesi wa kukosa na bwana ni mwepesi wa kurehemu, na kwamba bwana wa mji wa Thebes, yaani Amun, hakai na hasira siku nzima. Hupita mara moja, haibaki. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Huyu ni mtu wa miungu mingi. Hakuna mfalme kati yake na mungu wake.

Jambo jingine linalosahaulika ni jinsi miungu mingi ilivyowawezesha watu kuheshimiana. Katika vibao vya udongo vilivyopatikana Amarna mwaka 1887 kuna barua ya Tushratta, mfalme wa Mitanni, nchi ya kaskazini mwa Syria, kwa Amenhotep III, baba yake Akhenaten. Anamletea sanamu ya Ishtar wa Ninawi, akieleza kwamba mungu mke huyo mwenyewe amesema anataka kwenda Misri, nchi anayoipenda, kisha arudi. Anamwomba mwenzake amheshimu halafu amrudishe kwa furaha. Mungu alisafiri kama mgeni wa heshima! Na Ramses II alipofanya amani na Wahiti, watu wa Hatti katika Uturuki ya leo, takriban 1259 KK, mashahidi wa mkataba walikuwa miungu elfu moja ya Hatti na miungu elfu moja ya Misri. Hakuna upande ulioambiwa miungu yako ni bandia.

Atakayenijibu kwamba hao hao walipigana na kuchinjana, yuko sahihi. Waashuri walikuwa na miungu mingi, na mwaka 689 KK Sennacherib aliibomoa Babylon bila huruma. Sidai kwamba miungu mingi iliwafanya watu kuwa wema. Nadai kwamba ilikuwa imani kamili, yenye toba, hofu, shukrani na fikra, na kwamba kuisafisha hadi ifanane na yetu ni kuidharau kwa namna nyingine.

Kwa hiyo wa kambi ya kwanza nawauliza: katika maneno ya Nebre, lipi ni la mtu asiyemjua mola wake? Na wa kambi ya pili, kama Akhenaten aliwarudishia Wamisri imani yao ya asili, ni nani aliyewaambia mama zao wamfiche Bes ndani ya nyumba, katika mji wa Firauni huyohuyo?