Umati, zahma, halaiki: lipi linakaa wapi?

Mtangazaji wa Mkoani:
Asalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu. Natangaza katika redio ya kijamii hapa Pemba, na kazi yangu kubwa ni ya nje: sikukuu, mikutano, mipira ya uwanja wa Gombani. Kila nikijisikiliza nasikia maneno yale yale, "umati mkubwa wa wananchi". Sala ya Idi, umati. Meli imefunga gati, umati. Maziko, umati. Bibi aliyekaa jikoni kwake Micheweni hajui watu wale wamekaa, wanakimbia au wanasukumana. Nipeni maneno, na zaidi nielezeni lipi linakaa wapi. Ya kamusi ninayo, nataka yanayosemwa.

Mkunduchi:
Waalaykum salaam. Njoo Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai. Asubuhi watu wanamiminika, maana wanatoka kila upande, gari za abiria za njia ya 310 zinashusha moja baada ya moja. Wakishafika hawamiminiki tena, wameuzunguka uwanja kutazama wanaopigana kwa migomba. Banda la makuti likitiwa moto ndipo utasema wametimka. Siku moja, uwanja mmoja, na maneno matatu hayo hayabadilishani nafasi.

Mwalimu mstaafu, Wete:
Mwanangu, swali lako limenifurahisha, kwani nimefundisha skuli miaka mingi na hili la "umati" nimelisahihisha mpaka kalamu nyekundu zikaisha wino. Usianze na wingi wao. Tazama miguu yao: inakwenda, imesimama, au haina pa kukanyaga?

Sala ya Idi ina safu. Sema safu zimetoka msikitini zimefika barabarani, kila msikilizaji ataona watu wametulia bega kwa bega. Jioni watoto kwenye viwanja vya sikukuu wametapakaa. Na siku ya mwisho ya Ramadhani, mwezi haujaandama bado, pita Darajani hadi Mchangani, Unguja: hiyo ndiyo zahma. Zahma haitaki maelfu. Uchochoro mmoja wenye wachuuzi pande mbili na akina mama wanaochagua viatu vya watoto unatosha.

Halaiki nalo litumie kwa uangalifu. Asili yake Kiarabu, viumbe, na kamusi itakuruhusu useme halaiki ya watu imejaa bandarini. Lakini kwetu mtu akisikia halaiki anawaona watoto wenye sare wakicheza kwa mpangilio katika sherehe za Mapinduzi, 12 Januari. Atauliza bandarini kuna sherehe gani. Kadamnasi mimi silitumii kwa kundi kabisa. Ni mbele ya watu, hata wakiwa kumi.

Neno moja nakuomba uliache, nakuomba kwa dhati: abiria "kusheheni" melini. Linalosheheni ni shehena, magunia ya karafuu na mbata. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikija huku kwetu, imechukua watu kupita uwezo wake. Tangu hapo nikisikia mtangazaji anasema kwa furaha kwamba meli imesheheni abiria, moyo unanipasuka. Ikiwa wamezidi, sema wamezidi. Huenda kuna mtu amesimama gatini na redio sikioni, akakusikia, akarudi nyumbani. Na waliokusanyika uwanja wa Maisara siku zile kutambua maiti, kuna waliowaita umati. Hapana. Walikuwa wafiwa, na jina hilo ndilo walilostahiki.

Wa Kojani:
Shikamoo mwalimu. Naongeza la kwetu. Wavuvi wakiondoka kwa pamoja na vyombo vyao kwenda kupiga kambi pwani nyingine, hatusemi "msafara wa wavuvi". Tunasema wamekwenda dago. Ndani ya neno hilo mna safari, kambi, na kule kukaa mbali na nyumbani. Kila Mpemba wa pwani atakuelewa bila maelezo.
Na mchezo wa ng'ombe usiusahau, Pujini au Kengeja. Pale watu wameuzingira uwanja, ng'ombe akigeuka tu, wanatawanyika, wengine wako juu ya miembe. Akitulia wanarudi kuzingira.

Mtangazaji wa Mkoani:
Shukrani kubwa. Hili la kusheheni nimeliandika juu ya daftari langu la kazi na nitawaambia na wenzangu studio. Mwalimu, kwenye maziko je? Na mpira, nikitaka watu wajue kwamba Gombani pamejaa kweli?

Mwalimu mstaafu, Wete:
Mazikoni sema "waliokuja kuzika". Wingi wao ueleze kwa kitendo: jeneza limepokelewa bega kwa bega, wengine hawakupata hata kuligusa.
Gombani taja jukwaa. Jukwaa kuu limejaa pomoni, upande wa jua bado una nafasi, langoni wanazidi kuingia. Na elfu usizitaje ila umepewa hesabu na waliokata tiketi.

Mkunduchi:
Mwalimu, hili la tiketi na sisi wa Unguja tumelichukua.