Stepla imegoma katikati ya upasuaji wa matundu, naombeni ushauri wakuu

Mkono Baridi (mleta mada)
Wakuu habari za usiku. Mimi ni daktari, nasomea ubingwa wa upasuaji, mwaka wa tatu. Leo tulikuwa tunatoa figo iliyokufa kwa njia ya matundu madogo ya tumboni, kwa kamera. Ateri tulishaifunga vizuri. Nikaibana vena ya figo (mshipa unaorudisha damu) kwa stepla, kile kifaa kinachoziba mshipa kwa pini na kuukata kwa kisu, nikafyatua, ikaenda nusu ikasimama. Haiendi mbele, hairudi nyuma, taya hazifunguki. Ikabidi tufungue tumbo tumalizie kwa mkono. Mgonjwa kaongezewa chupa nne za damu, yuko chumba cha wagonjwa mahututi, presha imetulia. Kifaa kilishatupwa.

Swali langu ni dogo tu: ninyi ikiwagomea ikiwa imebana mshipa, mnafanyaje? Nataka kujua kama hatua zetu zilikuwa sahihi. Usingizi umekataa.

Mkasi Butu
Pole sana mkuu. La kwanza, usiivute. Ikiwa imebana, hiyo hiyo iliyogoma ndiyo kizibo chako. Dhibiti mshipa kwanza kwa klempu (koleo la kubania) au uzi, upande wa vena kava, ule mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, ndipo uiachie. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliwaandikia madaktari jambo hilo hilo mwaka 2019: funga mshipa stepla ikiwa bado imeshika. Daktari wa usingizi aambiwe kabla hujagusa chochote, na trei ya kufungulia tumbo iwe chumbani tangu asubuhi, isiwe ya kutafutwa wakati damu inamwagika. Mlichukua muda gani kuamua kufungua?

Mkono Baridi
Kama dakika ishirini. Tulijaribu kwanza kile kitufe cha kuifungua kwa nguvu.

Mkasi Butu
Kabla ya kuweka klempu?

Bin Chuma
Ya ofisini kwetu ikigoma naigonga mezani mara mbili, inatii 😂

Mzee wa Uzi
Mwaka wa tatu unafyatua vena ya figo! Sisi tulifunga mishipa kwa uzi, fundo juu ya fundo, bosi amesimama nyuma yako anahesabu. Ukilegeza moja unarudia yote. Hizi mashine si ngeni kama mnavyodhani. Hültl, daktari wa upasuaji kule Budapest, alikuwa na ya kwake mwaka 1908, ina uzito wa zaidi ya kilo tatu, kuipanga tu ni kazi ya saa mbili. Lakini waliotumia vile vyuma walijua kushona kwanza. Siku hizi kijana anajua kubonyeza, ikigoma anabaki ameduwaa. Mimi mwaka mmoja umeme ulikatika tumbo likiwa wazi, nikashona kwa tochi. Naam, kwa tochi, na tochi yenyewe kaishika mfagizi.

Mama Pacha
Samahani wataalamu, mimi si daktari. Nilikatwa kipande cha utumbo nikawekewa pini za namna hiyo. Je, huwa zinatolewa baadaye? Na nikipita kwenye mashine za ukaguzi uwanja wa ndege zitalia?

Bin Chuma
Mzee wa Uzi tumeshakuelewa, ulikuwepo tangu enzi za shoka.

Nesi wa Zamu
Dokta, mawili tu. Katriji, kasha la pini, ilikuwa rangi gani? Na kulikuwa na klipu, kile kibanio kidogo cha chuma cha kufungia mshipa, karibu?

Mkono Baridi
Nyeupe, ya mishipa. Klipu ilikuwepo moja, kwenye tawi linalotoka tezi ya juu ya figo. Ila sidhani kama inahusika.

Nesi wa Zamu
Hudhani nini sasa? Katriji nyeupe ina pini za milimita 2.5 zinazotakiwa kujikunja hadi kubaki milimita 1, umbo la herufi B. Stepla ikimeza klipu humo ndani, kisu kinagonga chuma kinakwama, na pini zinapinda hovyo badala ya kujifunga. Hili hata sisi wa kupanga trei tunalijua. Hakuna aliyekwambia?

Mkono Baridi
Sista alisema "dokta, angalia klipu." Nikaangalia, nikaona iko nje ya taya. Lensi ya kamera ilikuwa na ukungu, na bosi alishasema twende twende. Nikafyatua. Kwa kweli hata ukiitazama sasa, kisu kimesimama sentimita mbili tu kutoka mwanzo na klipu imelala upande, huwezi kusema kwa uhakika ndiyo iliyozuia.

Mkasi Butu
Sawa. Kwenye ripoti ya upasuaji umeandika nini?

Mkasi Butu
Mleta mada? Naona uko hewani.

Mkono Baridi
Nimeandika kwamba tulilazimika kufungua kwa sababu tishu zilikuwa zimeshikana. Na kweli zilishikana, ile figo imekaa na usaha miezi. Bosi aliniambia niandike kifupi. Ndugu wa mgonjwa nao wameambiwa hivyo hivyo. Sijadanganya, nimechagua sababu moja kati ya mbili. Naombeni tusitoke kwenye swali, niliuliza hatua za kufuata ikigoma.

Mtumishi Mnyonge
Ndugu yangu, giza halifichi kitu mbele za Mungu. Nenda katubu.

Mzee wa Uzi
Kutubu baadaye, kwanza ajifunze fundo.

Fundi Vifaa
Mimi natengeneza na kukagua vifaa vya hospitali, kwa hiyo hapa pananihusu. Kuanzia 2011 hadi Machi 2018, FDA ilipokea taarifa zaidi ya 41,000 za stepla za ndani ya mwili na pini zake. Ndani yake vifo 366 na majeraha makubwa zaidi ya 9,000. Nyingine nyingi zilikuwa zimelala kwenye ripoti za muhtasari ambazo umma haukuziona, mpaka mambo yalipofumuka 2019. Ndipo 2021 wakazipandisha daraja, zikaanza kubanwa na masharti makali zaidi. Na sehemu kubwa ya matatizo ni yale yale: mstari wa pini unaachia, haifyatuki, pini hazikujikunja. Sasa kila anayeandika "tishu zilishikana" anatuondolea taarifa moja. Kama kweli ni klipu, ni kosa la matumizi na mafunzo yabadilike. Kama ni kifaa, bechi nzima inaweza kuwa na kasoro na kesho inafyatuliwa kwa mtu mwingine. Bila kifaa mkononi siwezi kujua ni lipi. Na wewe umekitupa.

Jicho la Tatu
Wakuu tulieni kidogo. Nimerudia uzi huu kutoka juu. Posti ya kwanza: "kifaa kilishatupwa." Baadaye: "hata ukiitazama sasa, kisu kimesimama sentimita mbili." Anaitazama wapi, jalalani? Hii ni chai, tena ya moto. Ama ni wakili anavua maneno, ama ni muuzaji wa stepla za kampuni pinzani. Daktari gani anamaliza balaa kama hilo halafu anakuja kusimulia huku?

Bin Chuma
Uzi bila picha haunogi. Weka picha ya stepla.

Nesi wa Zamu
Msimwombe picha, kuna mgonjwa hapo.

Jicho la Tatu
Mgonjwa gani? Ndicho ninachouliza.

Mzee wa Uzi
Mimi naamini ni kweli. Uzembe wa namna hii hautungwi.

Bin Chuma
Mzee naye ile tochi yake tuikague. Mfagizi aliingiaje chumba cha upasuaji?

Mzee wa Uzi
Alivaa gauni, kofia na barakoa kama wewe usivyowahi kuvaa. Heshima kijana.

Mkono Baridi
Kiko kwenye begi langu.

Nilikitoa kwenye ndoo ya taka sista alipotoka. Sikutaka mtu akione kabla sijakielewa. Picha siweki. Anayeona ni chai na apite.

Fundi Vifaa
Aisee. Usikioshe, usikifungue, usijaribu kutoa hiyo klipu. Kina damu ya mtu, kiweke kwenye mfuko wa taka hatarishi, ufunge, uandike tarehe. Tafuta na karatasi ya katriji yenye namba ya bechi. Asubuhi kabidhi kwa fundi wa vifaa wa hapo kwenu kwa maandishi, usimpe msambazaji aondoke nacho.

Nesi wa Zamu
Na ripoti usiifute wala kuchana. Andika nyongeza chini yake, tarehe na saa ya leo, sahihi yako. Ukiigusa ile ya kwanza ndipo utakapopotea kabisa.

Mkono Baridi
Bosi je? Jina lake liko juu ya langu.

Mkasi Butu
Mpigie kabla hajaisoma nyongeza. Na bado hujajibu: kitufe mlikibonyeza kabla ya klempu?

Mkono Baridi
Kabla.

Jicho la Tatu
Bado nasema chai, ila sasa naendelea kuisoma.

Mkono Baridi
Mrejesho, saa mbili asubuhi. Mgonjwa ameamka. Kaniuliza aliambiwa matundu manne, hili jeraha refu la nini. Nimemwambia nitarudi na bosi tuongee. Kifaa kimekabidhiwa kwenye mfuko, namba ya bechi imepatikana. Nyongeza nimeandika: stepla iligoma ikiwa imebana vena. Klipu sijaitaja, sina uhakika nayo.

Nesi wa Zamu
Sista wako ana uhakika. Na yeye naye anaandika ripoti.

Bin Chuma
Kaondoka hewani.

Mama Pacha
Jamani, pini zangu?

Nesi wa Zamu
Pole mama, tulikusahau. Hazitolewi, zinabaki humo maisha yako yote. Ni titani, tena ndogo sana, uwanja wa ndege usiwe na hofu. Ukipelekwa kwenye kipimo cha MRI waambie tu kwamba unazo.

Mama Pacha
Asante mwanangu. Na zangu zilijikunja vizuri?