Nianze na kipi: umeme, maji ya moto au mitaro? Nyumba na karakana Njombe, naombeni ushauri

Maranda_Njombe:
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye ujuzi wa umeme, mabomba na ujenzi, maana kila fundi nikimleta anaangalia cha kwake tu halafu anataja hela, hakuna anayeniambia kipi kitangulie.

Niko Njombe. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, niliinunua ikiwa na umeme tayari, na nyuma yake kuna karakana yangu ya useremala. Kutoka mita ya luku mpaka karakana ni kama mita 35. Aliyeniuzia alivuta umeme wa karakana kutoka soketi ya jikoni kwa waya wa 2.5 (unene kwa milimita za mraba), umepita hewani sambamba na kamba ya kuanikia nguo. Nikiwasha randa (mota ya HP 3, njia moja yaani fezi moja) taa za ndani zinafifia, na randa yenyewe inaguna kwanza ndo inachanganya. Erthi sijaiona popote, wala meinswichi ya karakana hakuna.

La pili ni maji. Shimo la choo ni moja, linapokea choo, bafu, sinki la jikoni na maji ya bati la nyuma kupitia gata. Mvua zikikolea kuanzia Desemba shimo linajaa mpaka bafuni maji hayashuki. Na karakana iko chini kidogo ya nyumba kwa hiyo maji ya uwanjani yanaingilia mlangoni, mbao za chini zinavimba.

La tatu baridi. Mnaoijua Njombe ya Juni na Julai sina haja ya kueleza. Mama watoto anataka shawa ya moto, tuna wadogo wawili wanaoenda shule asubuhi. Karakana nayo gundi nyeupe inagoma, unabana fremu jioni, asubuhi ukifungua klampu unakuta gundi imekuwa unga mweupe kwenye maungio, fremu inaachia.

Mwezi ujao nimepanga kumwaga zege kwenye sakafu ya karakana kabla ya mvua, halafu mengine yafuate kidogo kidogo. Hela sina ya kufanya vyote kwa mkupuo. Mngekuwa nyie mngeanzaje?

fezi_tatu:
Mkuu hilo zege lisimamishe kwanza. Ukimwaga leo, kesho utalikata kupitisha waya, keshokutwa utalikata tena kupitisha bomba. Kila kinachopita chini ya sakafu kiwekwe kabla, hata kama ni bomba tupu la PVC na kamba ndani yake ya kuja kuvutia waya baadae. Bomba tupu ni hela ndogo sana ukilinganisha na kukata zege.

Sasa hiyo randa. HP 3 ni kama kilowati 2.2, ikiwa inakimbia inakula kama ampea 15, lakini pale inapoanza inavuta mara tano au zaidi ya hapo, sema ampea 75 kwa sekunde kadhaa. Waya wa 2.5 kwa umbali wa mita 35 ukipitisha ampea 75 unapoteza volti 40 na kitu njiani, kwa hiyo kwenye mota zinafika volti 180 na kidogo badala ya 230. Ndo maana inaguna. Mota ikiguna muda mrefu inachemka, kapasita zinakufa, mwisho unapeleka mota kusukwa waya upya. Umbali huohuo kwa waya wa 10 unapoteza kama volti 11 au 12 tu. Fundi akikwambia waya wa 2.5 unatosha kwa sababu ampea 15 unabeba, hajakudanganya kuhusu kubeba, ila hajapiga hesabu ya umbali na ya kuanza.

Kingine, hiyo soketi ya jikoni ing'olewe kwenye kazi hiyo hata leo. Waya wa karakana unatakiwa utoke kwenye meinswichi na breka yake wenyewe.

Swali: nguzo iliyo karibu na kwako ina waya ngapi? Na una mpango wa kuongeza mashine?

Bi_Uwemba:
Mi naongelea shawa tu maana ninayo. Hizi za kuchemsha papo hapo nyingi ni kilowati 5 na nusu. Piga hesabu, mtu mmoja akioga dakika 10 amekula karibu uniti moja. Watu wanne kila siku ni uniti 110 kwa mwezi za kuoga tu. Kama saivi uko kwenye ile bei ya matumizi madogo, ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, shawa peke yake inakutoa huko na kila uniti ya nyumba nzima inapanda, taa, friji, pasi vyote. Wengi wanahesabu bei ya shawa dukani hawahesabu hilo.

Na ukiweka iwe na waya wake wa 6 na breka yake ya 32, isichangie na kitu chochote. Bila erthi usiiguse kabisa ndugu yangu, maji na umeme kwenye mwili wa mtoto si kitu cha kujaribu.

Pimamaji:
Habari mkuu. Mimi ni wa mabomba, namuunga mkono aliyesema zege lisubiri, na naenda mbali zaidi: anza na maji. Sababu ni kwamba maji ndo hayawezi kubadili njia. Waya unaupindisha utakavyo, bomba la kinyesi linataka mteremko na likikosa hakuna dawa. Kwa hiyo njia za maji zikishajulikana ndo waya zinatafutiwa pa kupita.

Cha kwanza kabisa, toa maji ya mvua kwenye shimo la choo. Bati lako la nyuma sema ni mita 10 kwa 7, mvua ya milimita 20 ambayo kwa huko ni mvua ya kawaida ya mchana inamwaga lita 1,400 kwenye shimo. Shimo gani litahimili hapo? Hutakiwi kuchimba shimo lingine kabla hujafanya hili, inawezekana kabisa shimo ulilonalo linatosha familia yako. Maji ya gata peleka kwenye simtanki, na bomba la kumwagia ziada liende kwenye mtaro wa wazi.

Cha pili karakana. Usinyanyue sakafu tu ukadhani umemaliza, maji yatapita chini na ukuta utanyonya. Chimba mtaro upande wa juu wa karakana, kati yake na nyumba, uyakate maji kabla hayajafika ukutani na uyazungushe pembeni. Kina cha mtaro kiwe chini kuliko sakafu yako mpya. Upana wa koleo unatosha, ila uwe na mteremko wa kweli, upime kwa mpira wa maji (ule mpira angavu unaojazwa maji kupimia usawa), usikadirie kwa macho kwa sababu kwenye kilima macho yanadanganya sana.

Bomba la inchi 4 la choo na bafu lishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Kwa mfano bomba la mita 18 linataka sentimita 45, sasa simama kwenye mdomo wa shimo uone kama hizo 45 unazo. Kila kona weka chemba yenye mfuniko unaofunguka, usiweke kiwiko cha nyuzi 90 ukafukia, siku likiziba utachimba uwanja mzima. Sinki la jikoni lipitie chemba ya mafuta kwanza.

Na je, una kisima?

Maranda_Njombe:
Nashukuru sana wakuu, nimeanza kuelewa. Majibu: nguzo ipo barabarani hapohapo na waya zinazopita ni nne. Mashine nataka kuongeza msumeno wa meza na baadae mashine ya kuchonga nakshi za miguu ya vitanda. Kisima kipo, ni chetu na jirani tunachangia, kiko upande wa chini wa kiwanja, kama mita 20 kutoka lilipo shimo la choo saivi.

Pimamaji:
Mita 20 na kisima kiko chini ya mteremko, hapo mkuu sikufichi sijapenda. Inayotakiwa ni angalau mita 30, na shimo la kunyonya liwe upande wa chini wa kisima au pembeni kabisa, sio juu yake. Nabadili kidogo nilichosema, choo kitahitaji tanki la septiki lililojengewa na kupigwa plasta ndani, vyumba viwili, na shimo la kunyonya lihamie upande mwingine wa kiwanja. Kabla ya kuchagua eneo, chimba kishimo cha futi moja na nusu, kijaze maji, yaache yanyonywe usiku kucha, kesho yake kijaze tena uangalie kwa saa ngapi yanaisha. Udongo mwekundu wa huko sehemu nyingine unanyonya vizuri, ukisogea hatua chache unakuta mfinyanzi maji yanakaa kama kwenye beseni. Mpaka hapo maji ya kisima mchemshe, na jirani mwambieni.

kijana_wa_mbao:
Kuhusu baridi mbona rahisi, asubuhi washa jiko la mkaa ndani ya karakana funga mlango, nusu saa tu gundi iko poa. Sisi ndo tunavyofanya.

Mgeni_Makete:
@kijana_wa_mbao tafadhali acheni hiyo. Hewa ya mkaa haina harufu, haionekani, unasikia usingizi na kichwa kuuma halafu basi. Huku Makete baridi ni kali kuliko hapo Njombe, asubuhi za Juni majani yanakuwa meupe kwa barafu, na familia zinapotea kwa hilohilo jiko la mkaa chumbani. Na karakana ina vumbi la mbao na thina, cheche moja inatosha.

Mleta uzi, wewe una moto wa bure kila siku: maranda na vipande vya mbao. Kwanini ununue uniti za kuchemshia maji? Jenga jiko la kuni nje, kwenye ukuta wa nyumba ulio mbali na karakana, lenye mlango wa chuma na bomba la moshi. Ndani pitisha bomba la chuma au shaba la maji, tanki liwe juu ya jiko, maji ya moto yanapanda yenyewe ya baridi yanashuka, hakuna pampu. Kinachotakiwa kuzingatiwa, na hapa naomba usikilize vizuri: tanki lisifungwe kabisa. Lazima kuwe na bomba linalopanda juu wazi la kutolea mvuke, bila valvu yoyote juu yake. Maji yakichemka kwenye tanki lililozibwa yanalipuka, yanaua. Mabomba ya kwenda bafuni yawe PPR ya maji ya moto, ile PVC ya kawaida inalainika. Tanki livalishe, hata maranda makavu ndani ya boksi la bati yanahifadhi joto mpaka asubuhi, watoto wanaoga bila kuwasha moto alfajiri.

Usichome vipande vya MDF, wala mbao zilizopakwa vanishi, wala nguzo zilizotiwa dawa, moshi na majivu yake ni sumu. Mlingoti na miwati iliyokauka ni safi. Paini mbichi inaziba bomba la moshi kwa masizi yenye utomvu, siku yakishika moto yanafika darini, kwa hiyo penye kupita bomba acha nafasi ya kutosha kati yake na mbao za paa na uzibe kwa bati.

Kwa gundi huna haja ya kupasha karakana nzima. Tenga kona, jenga kichumba kidogo chenye mlango, dari na kuta zilizojazwa maranda, weka humo madumu ya maji ya moto kutoka tanki lile lile. Fremu zikibanwa zinalala humo. Gundi haitaki joto kali, inataka tu isilale kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10.

Bi_Uwemba:
Hili la kichumba cha gundi nimelipenda sana, nampelekea kaka yangu.

fezi_tatu:
Mkuu waya nne barabarani ni habari njema, maana yake njia tatu ipo jirani. Kwa mashine unazotaka mimi ningeomba njia tatu kwa ajili ya karakana. Mota ya HP 3 ya njia tatu inakula kama ampea 5 kwa kila njia, haina kapasita za kufa, na inaanza bila kuguna. Maombi unafanya kwa NIKONEKT (mfumo wa TANESCO wa maombi mtandaoni) au ofisi ya TANESCO ya wilaya, waulize pia kama watakubali karakana iwe na mita yake ili nyumba ibaki na yake. Wayaringi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), maana bila muhuri wake hawakuungi.

Wakati unasubiri, waya wa karakana upite chini. Tumia waya wa ardhini wenye deraya (ganda la chuma), wa kore nne wa 6 yaani nyaya nne ndani yake, ndani ya bomba, kina cha sentimita 60, juu yake utepe wa tahadhari. Kwa kuanzia utatumia njia moja humohumo kwa kuunganisha kore mbili mbili, fundi mwenye leseni aweke alama pande zote mbili, siku njia tatu ikija hubadilishi waya. Karakana iwe na DB yake (boksi la breka), breka za mota ziwe aina ya C (isiyokatika mota inapoanza), soketi zote zipite kwenye breka ya kuvuja (inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30. Erthi rodi ya shaba ipigwe kwenye udongo unaokaa na unyevu, halafu ipimwe kwa mashine, usikubali fundi anayekwambia ipo vizuri bila kukuonyesha namba.

Maranda_Njombe:
Wakuu Mungu awabariki, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Kwa hiyo nimepanga hivi: zege nimesimamisha. Kuanzia wiki hii naondoa maji ya gata kwenye shimo na kuchimba mtaro wa juu, hiyo naifanya mwenyewe na vijana wangu. Erthi na waya mpya wa ardhini vifuate, ile soketi ya jikoni tayari nimeichomoa. Jiko la maji ya moto tutajenga kabla ya Juni. Septiki ndo itachukua hela nyingi ila kwa sababu ya kisima nimeongea na jirani, amekubali kuchangia matofali. Swali la mwisho, mtaro wa waya na wa bomba la choo naweza kuchimba mmoja nikaviweka pamoja kuokoa vibarua?

Pimamaji:
Usiviweke pamoja mkuu, siku chemba ikivuja fundi atapiga sululu akitafuta bomba akutane na waya. Acha angalau nusu mita kati yake, na vikikatana waya upite juu, bomba chini. Chini ya bomba weka mchanga uliochekechwa, lisikalie mawe. Kabla ya kufukia mwaga maji ndoo mbili kutoka bafuni uangalie kila chemba, kisha tandaza futi kamba ardhini kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye bomba, piga picha, namba zisomeke. Hizo picha mpe na fundi umeme.