Sentensi za masharti za Kiingereza: kujaza nafasi, kutafsiri, kadi au kuongea? Njia ipi inabadilisha mdomo?

Tumaini_Wiki8

Habari zenu wote. Nimebakiwa na wiki nane kabla ya mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, na kila insha ninayopeleka kusahihishwa inarudi na wino mahali pale pale: sentensi za masharti. Kanuni nazijua. Aina sifuri (jambo la kweli siku zote), ya kwanza (linalowezekana), ya pili (la kufikirika sasa), ya tatu (lililopita na halikutokea) na ile ya mseto (inayochanganya jana na leo), zote nakupangia na mifano juu. Shida inaanza ninapoandika haraka au ninapoongea. Hapo inanitoka "If I would have time, I would help you" na sishtuki mpaka nisahihishwe.

Nina nusu saa kwa siku, si zaidi. Njia nilizokusanya ni hizi: mazoezi ya kujaza nafasi, ambayo nimeshafanya mamia, kutafsiri sentensi kutoka Kiswahili, kadi za maswali na majibu kwenye simu, na mchezo wa mnyororo na mwenzangu, yaani nikisema "If I miss the bus, I will be late", yeye anadakia "If you are late, you will miss the meeting", tunaendelea hivyo hadi mmoja akwame. Sitaki kushika zote nikakosa zote. Aliyepita njia hii aniambie ipi ilimsaidia kweli.

KalamuNyekundu

Karibu, Tumaini. Nimefundisha Kiingereza watu wazima miaka mingi, na kosa ulilolitaja ndilo ninalolisahihisha kuliko mengine yote. Kabla ya kuchagua njia, tazama kwanza linatoka wapi.

Sema kwa Kiswahili: "Ningekuwa na muda, ningekusaidia." Hesabu -nge- ziko ngapi. Ziko mbili, moja kila upande. Kiswahili kinataka pande zote mbili zivae vazi moja, na ukivalisha upande mmoja tu sikio linakataa. Kiingereza hakifanyi hivyo. "Would" inakaa upande wa matokeo peke yake, na upande wa "if" unachukua kitenzi cha wakati uliopita: "If I had time, I would help you." Kwa hiyo unapoweka "would" kote kuwili hukosei kwa uzembe. Unaifuata sarufi ya lugha yako.

Kuna la pili. Vitabu vya sarufi vinatenga -nge- kwa jambo ambalo bado lingewezekana na -ngali- kwa lililokwisha kupita. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, wengi tunasema "ningejua nisingekuja" kwa jambo la jana, na msikilizaji anaelewa kutokana na muktadha. Kiingereza hakitoi nafasi hiyo. "If I knew, I wouldn't come" na "If I had known, I wouldn't have come" ni habari mbili tofauti: ya kwanza mtu bado hajaja, ya pili ameshakuja na anajuta.

Sasa rudi kwenye kujaza nafasi. Karatasi imeshakuandikia "if", imeshakuandikia "would", na kitenzi kimewekwa pembeni kinasubiri. Uamuzi mgumu, kwamba hili ni jambo la kweli au la kufikirika, la leo au la jana, ameufanya mtunga zoezi. Wewe umeachiwa kubadilisha umbo la kitenzi tu. Ndiyo maana mtu anapata 18 kati ya 20 na akifungua mdomo anarudi palepale.

Njia ninayoiamini haimo kwenye orodha yako: anza na jambo la kweli, kisha uligeuze. Kila jioni andika mambo matano yaliyotokea kwako siku hiyo.

"I didn't charge my phone, so I missed the call."
Geuza: "If I had charged my phone, I wouldn't have missed the call."

"I live far from the office, so I leave early."
Geuza: "If I didn't live far from the office, I wouldn't leave early."

Yanatokea mambo mawili tu. Kitenzi kinarudi hatua moja nyuma, na kukubali kunageuka kukana au kinyume chake. Ukiyashika hayo mawili, aina ya mseto haihitaji somo lake: "I went to bed late, so I am tired now" inakuwa "If I hadn't gone to bed late, I wouldn't be tired now." Kila upande umerudi hatua moja kutoka mahali ulipokuwa umesimama. Wanafunzi wangu wanaoiogopa sana aina ya mseto ndio wanaoipata haraka kwa njia hii, kwa sababu hawaitafuti kwa jina.

Subira_na_Sarufi

Mwalimu, kwa heshima zote, kujaza nafasi nisingekutupa. Kwangu ndiko kulikonitoa gizani, kwa sababu sikuwa na vitenzi vyenyewe. Nilikuwa naandika "If I had went". Mtu ambaye safu ya go, went, gone haijamkaa kichwani hawezi kugeuza jambo lolote, atakwama katikati ya sentensi. Mazoezi ya kujaza yanatengeneza maumbo, na maumbo ndiyo matofali.

Ila kuna karatasi na karatasi. Ile iliyoandikwa juu "Aina ya Pili" imeshakupa jibu kabla hujasoma swali la kwanza, unafuata mkumbo hadi mwisho. Tafuta zilizochanganya aina zote. Au kata vichwa vya habari, changanya maswali ya kurasa tatu, ndipo ufanye. Alama zangu zilishuka sana nilipoanza kufanya hivyo, na kwa mara ya kwanza nikajua ninachokijua na nisichokijua.

KalamuNyekundu

Subira, hapo kwenye vitenzi nakubali bila kubisha. Asiyejua safu ya tatu, yaani umbo kama "gone", aanzie huko, wiki moja au mbili. Tumaini nadhani ameshavuka. Insha zake zingekuwa na makosa ya "had went" angeyataja.

MethaliKwanza

Mimi natetea tafsiri, na sababu yangu ni hiyohiyo aliyoitaja mwalimu. Kama kosa linatoka kwenye Kiswahili, kwa nini tulikwepe? Tuziweke lugha mbili kando kwa kando tuone zinapoachana.

Kwa mfano, aina ya kwanza Kiswahili ni rafiki yako. "Ukija nitakupokea": -ki- haikubali -ta- ndani yake, kama vile "if" ya Kiingereza isivyotaka "will". "If you come, I will meet you." Zinakwenda sambamba. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" nayo inaingia yenyewe: "If you don't fill the crack, you will have to build a wall." Kwa hiyo aina hii usiipotezee muda. Ugomvi uko kwenye -nge-, huko ndiko upeleke nguvu.

Lakini -ki- ina mtego wake. Inabeba "if" na "when" kwa pamoja. "Jua likizama tutaondoka" si "If the sun sets", maana jua kuzama halina shaka. Ni "When the sun sets, we will leave." Ukisema "Akirudi nitamwambia", jiulize: kurudi kwake kuna hakika au hakuna? Kiswahili kinakuruhusu usijibu swali hilo, Kiingereza kinakulazimisha.

Mtego mwingine ni "unless". Maana ya kukana imo ndani yake. "Usiposoma utafeli" ni "Unless you study, you will fail." Nimeona mara nyingi "Unless you don't study", na hapo maana imepinduka: mtu anaambiwa atafeli akisoma.

La mwisho, ambalo wengi linawachanganya baada ya kukariri kwamba "will" haikai na "if": "Sijui kama atakuja" ni "I don't know if he will come", na ni sahihi kabisa. "If" hiyo si ya sharti, ni ya kuuliza. Kiswahili nacho kinatumia "kama" kwa kazi zote mbili, kwa hiyo usiifute "will" kwa hofu.

Sikio_Wazi

Ninyi nyote mnazungumzia kalamu. Mimi nafanya kazi ya simu, wateja wananiongelesha Kiingereza kutwa, na sharti lililonisumbua zaidi lilikuwa lile nisilolisikia. Watu hawasemi "If I had known, I would have called." Wanasema "If I'd known, I'd have called", na hiyo 'd ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would". Hata "have" yenyewe inamezwa, inasikika kama "ov", na ndiyo maana hata wenye lugha yao wengine huandika "would of", jambo ambalo ni kosa.

Ufunguo ni kitenzi kinachofuata. 'D ikifuatwa na safu ya tatu ni "had": "I'd gone". Ikifuatwa na kitenzi kitupu ni "would": "I'd go". Vitenzi kama "come" na "put", ambavyo umbo lake la tatu ni sawa na la kwanza, havisemi kitu. Hapo sikiliza sentensi nzima.

Zoezi langu: sauti ya dakika moja, naandika kila neno kwa urefu wake bila kufupisha, nasikiliza tena, nasahihisha. Dakika kumi zinatosha. Sikio likishazoea, mdomo nao unalegea, nami naliamini hili kwa kuwa nimelipitia.

Daftari_la_Kijani

Kwa upande wa kadi: Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijipima mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni na jinsi kurudia kwa kuachanisha siku kunavyookoa. Kwa hiyo kadi zina maana. Lakini usiandike kanuni kwenye kadi. Mbele weka hali halisi, "Hakuleta mwavuli, akalowa", nyuma weka sentensi nzima ya Kiingereza. Kadi iliyoandikwa "Aina ya tatu = if + had" inakufundisha kujibu kadi tu.

Tumaini_Wiki8

Nimesoma kila neno, asanteni sana. Maswali mawili. Mnyororo mbona hakuna aliyeutaja? Na "If I was you" au "If I were you"? Nasikia zote mbili.

KalamuNyekundu

La pili kwanza. "If I were you" ndiyo ya kuandika na ndiyo salama kwenye mtihani. "If I was", "if she was", utazisikia sana kwenye mazungumzo na hakuna atakayekukatiza. Wewe shika "were" kwa nafsi zote ili usiwe na la kufikiria.

Mnyororo ni mzuri kwa kasi, ila unateleza wenyewe kwenye aina ya kwanza na kubaki huko. Mfano wako ulioutoa ni huohuo: basi, kuchelewa, mkutano. Ukitaka ukufae, anzeni na jambo lisilowezekana, "If people didn't need sleep…", na msikubaliane kutoka kwenye "would" mpaka mwisho. Sehemu ya tatu ya mtihani wa kuongea inachukua dakika nne hadi tano na maswali yake huvuta kwenye mambo ya kufikirika, hivyo mnyororo wa namna hiyo uko karibu nayo. Sarufi, upana wake na usahihi wake, ni robo ya alama katika kuongea na robo katika kuandika.

Na kuhusu kutoa sentensi mwenyewe badala ya kuzitambua: Merrill Swain, mtafiti wa Kanada, alilieleza hilo mwaka 1985 baada ya kuwachunguza watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa, lugha isiyo yao. Walikuwa wanaelewa vizuri mno, lakini walipoongea na kuandika sarufi yao ilikuwa na mapengo. Hoja yake ilikuwa kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi, mtu asukumwe kutoa. Ndiyo maana nang'ang'ania mambo matano ya jioni.

Subira_na_Sarufi

Naongeza: yaseme kwa sauti kabla hujayaandika. Ukiandika kwanza unasoma, huongei.

Tumaini_Wiki8

Narudi baada ya wiki tatu. Nilichokifanya: dakika kumi na tano mambo matano ya siku, nikisema kwanza na kujirekodi, kisha naandika. Dakika kumi za imla ya Sikio_Wazi. Zilizobaki, kadi za hali halisi. Mnyororo Jumamosi tu, na tunaanza na jambo lisilowezekana. Tafsiri ya methali naifanya nikiwa njiani, kichwani, bila kuihesabu.

Insha ya kwanza kabla ya kuanza ilikuwa na makosa saba ya masharti. Ya juzi ina mawili. Kwenye rekodi zangu bado "If I would" inatoka, lakini sasa naisikia ikitoka na ninaikamata katikati: "If I would… if I had". Imla ndiyo iliyonishangaza zaidi. Sikutegemea.

Haya ni ya leo, mwalimu, ukipata nafasi:

"If my colleague hadn't lent me her charger, I would have missed the class."
"If I were taller, I could reach that shelf."
"If it hadn't rained, we would have finish early."
"If I hadn't skipped breakfast, I wouldn't be hungry now."
"If my friend lived closer, we would practise every day."

KalamuNyekundu

Ya tatu: "would have finished", safu ya tatu. Zilizobaki sizigusi. Hiyo ya nne ni ya mseto, na sidhani kama ulikusudia. Kesho niletee rekodi, si maandishi.