Naomba ushauri: habari za vita ya Kongo nazisomaje redioni bila kuegemea upande?

Wakuu habari za saizi. Mimi nasoma habari kwenye redio moja ndogo huku Kigoma, wasikilizaji wetu wengi wana ndugu ng'ambo ya ziwa na wengine ni wakimbizi wa Nyarugusu, kwahiyo Kongo kwao sio habari za kimataifa, ni habari za nyumbani. Sasa tangu waasi wa M23 waichukue Goma Januari 2025 halafu Bukavu Februari, kila nikiandaa taarifa nakwama. Serikali ya Kinshasa wanabana, Al Jazeera walisimamishwa kisa kumhoji kiongozi wa M23 Bertrand Bisimwa, na Juni 2025 CSAC, wale wasimamizi wa vyombo vya habari Kongo, wakapiga marufuku vyombo vya habari kuripoti shughuli za rais wa zamani Joseph Kabila siku 90. Upande wa pili nao sio malaika, mwandishi aliyebaki Goma anapima kila neno. Radio Okapi, redio ya UN huko Kongo, wana Kiswahili nawasikiliza sana ila hawawezi kuwa kila kijiji jamani.

Bosi anasema soma tu za mashirika makubwa basi. Tatizo hao Gaza na Ukraine zinajaza taarifa nzima, Uvira hapo ng'ambo ya ziwa inapitishwa mwishoni haraka haraka kabla ya michezo. Halafu kuna voisi za wasap natumiwa, mtu anahema, risasi zinasikika nyuma, nitajuaje ni ya leo au ya mwaka jana?

Wenye uzoefu mnathibitishaje hizi? Na mtoa taarifa namfichaje wakati mtaani kwao sauti yake tu inatosha kumtambulisha, nikiisoma mwenyewe inatosha au kuna njia nyingine?