MIZINGA YA BABU – NACHINGWEA

Da Zai 18:07
Asalaam aleikum familia. Mashine ya kukamulia tuliifungia stoo jana na asali yake ukutani, ndoo 6 na chujio navyo vimo humohumo na dirisha halina wavu. Tuoshe leo usiku, kukicha nyuki wa kitongoji kizima watajaa hapa wagombanie na kuambukizana magonjwa. Nani anakuja?

Da Zai 18:31
Naona tiki za bluu tu jamani

Mudi 18:40
nipo Masasi dada na mzigo wa ufuta

Saidi 18:44
hizo ndoo mi naziramba bure 😂

Mama Shadya 18:45
Wewe si ndo ulivimba mdomo mwaka jana mkeo akasingiziwa kakupiga 😂😂

Saidi 18:46
shemeji yaache hayo

Da Zai 18:52
Sikilizeni basi. Maji ya BARIDI kwanza. Mkianza na ya moto, nta inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi inajipaka mashine nzima mpaka kwenye koki, ikiganda humo mtakwangua mpaka Idi. Asali ikishatoka ndo vuguvugu na sabuni kidogo, suuza sana, acha ikauke kabisa. Gundi ya nyuki kwenye fremu ikwanguliwe ikiwa imepoa, inakatika yenyewe. Makapi msitupe, hiyo ni nta

Mama Shadya 19:03
Na ovaroli zifuliwe, zina harufu ya miiba, ukirudi nazo mzingani wanakuvamia upya

Mjomba Rajabu 19:20
Mashine mimi mwaka juzi niliirudisha safi.

Da Zai 19:22
Mjomba ilirudi inanuka mafuta ya taa. Mteja alionja akarudisha ndoo mbili

Mjomba Rajabu 19:24
Nilipaka isishike kutu. Mmenisema mpaka msibani, mbele ya wakwe.

Shadya 19:41
Bibi anasema niandike hivihivi: Rajabu, chupa ya mafuta nilikupa mimi. Liishe. Na asioshe mtu kitu mchana uani kwangu, mbuzi wangu sijamsahau.

Da Zai 19:50
Tumesikia bibi

Mjomba Rajabu 19:58
Shikamoo mama. Nakuja na madumu mawili ya maji.

Saidi 20:01
nami na tochi

Da Zai 20:04
Ufunguo wa stoo anao nani?

Da Zai 20:19
Ufunguo??

Mudi 20:55
aisee ninao mimi huku

Da Zai 20:56
MUDI

Mjomba Rajabu 21:10
Nipo mlangoni. Nivunje kufuli?