Naomba ushauri: labo ya picha imeniharibia mkanda wa filamu, nikiandika jina lake hadharani naweza kushtakiwa?

BintiKatuba

Jambo zenu wapendwa, niko Lubumbashi. Hasira ninayo, ila nimejizuia kuandika mpaka nipate akili za wenzangu.

Nilipeleka mikanda miwili kusafishwa kwenye studio moja ya mjini, jina naliacha kwa sasa. Mmoja wa rangi, wa pili Tri-X 400, nyeusi na nyeupe. Huo wa pili ndio uliokuwa na kazi yangu: wazee wastaafu wa Gécamines, kampuni ya madini, niliowapiga picha majumbani kwao, kwenye komuni za Kenya na Katuba hapa mjini, wengine wameshika kadi zao za kazi za zamani kifuani. Mmoja wao ameshatutoka. Hakuna kurudia.

Mkanda wa rangi umerudi na mchirizi mmoja uliopita picha zote. Ule wa wazee umerudi mtupu, picha hata moja. Nilipouliza, patron, mwenye studio, akanijibu mbele ya wateja wengine: "Mama, kamera yako ndiyo mbovu, ama hukujua kuweka filamu." Pesa hakurudisha.

Nimeshaandaa maneno ya kutupa Facebook, kwenye grupu la wapiga picha: "Msiende kwa huyu tapeli, ni mwizi wa pesa za watu," pamoja na picha ya mlango wa duka na sura yake. Mdogo wangu anasoma droit (sheria) pale UNILU, chuo kikuu chetu, akaniambia yaya (dada) ngoja kwanza, utaitwa parke, kwa waendesha mashtaka. Ni kweli? Yaani mtu akuharibie kazi, umlipe, kisha wewe ndiye ushtakiwe?

Mwana_Kampemba

Miye naona uandike tu. Makuta (pesa) ni yako, haikutoka ku mufuko yake. Batu bote bakinyamaza, njo vile batatukula kila siku.

ChumbaChaGiza

Binti, pole sana, hasa kwa huyo mzee aliyeondoka. Kabla ya mambo ya parke nijibu jambo moja. Chukua huo mkanda mtupu, uinue dirishani, utazame pembeni, pale penye matundu. Unaona namba na jina la filamu, au hakuna hata hivyo?

Nauliza kwa sababu. Zile namba zimechomwa kwa mwanga kiwandani, hazihusiani na kamera yako. Zikionekana wazi na picha hakuna, ina maana dawa ilifanya kazi yake vizuri, ila mkanda haukupata mwanga: labda haukusogea ndani ya kamera, labda shata, ule mlango wa kupitisha mwanga, haifunguki. Hapo patron atakuwa amesema kweli na wewe utakuwa umemchafua bure. Lakini zikiwa hazipo kabisa, kosa ni la kwenye dawa. Mkanda ukiwa mweusi tii toka mwanzo hadi mwisho, uliingiwa na mwanga.

BintiKatuba

Papa, nimeangalia sasa hivi. Hakuna namba, hakuna jina, hakuna chochote. Plastiki tupu ya kijivu hafifu.

ChumbaChaGiza

Basi nadhani najua kilichotokea. Walitia Tri-X kwenye dawa za rangi.

Nieleze kidogo, maana wengi hawaijui hii. Dawa ya rangi, C-41, inapikwa kwa digrii 37.8, dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza. Humo fedha iliyomo kwenye filamu (ile madini, si pesa) inageuka picha, na papo hapo rangi inajijenga kuizunguka. Baadaye inakuja dawa ya kung'arisha, na nyingine ya kuoshea, ambazo kazi yake ni kuitoa fedha YOTE ibaki rangi peke yake. Sasa Tri-X haina rangi ndani. Picha yake ni fedha tupu. Fedha ikiondolewa, picha imeondoka, na namba za pembeni zimeondoka nayo. Hairudi kwa dawa yoyote, usije ukalipa mtu anayekudanganya kwamba atairudisha.

Zipo filamu chache za nyeusi na nyeupe zilizotengenezwa kwa C-41, kama Ilford XP2. Kijana wa kaunta akizoea hiyo, anadhani zote ni sawa. Risiti unayo? Imeandikwaje?

BintiKatuba

Ninayo. Imeandikwa kwa bik: "C41 × 2". Na nilimwambia yule kijana kwa mdomo wangu kwamba mmoja si wa rangi. Hata kwenye kopo lenyewe imeandikwa.

Mwana_Kampemba

Ayaaa. Bamekamatwa.

Avoka_wa_Kamalondo

Mama, mdogo wako amesoma vizuri, mpe soda.

Kwetu Kongo kuna kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu, kile cha imputations dommageables. Kinamlenga anayemtwika mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo mahususi linaloweza kumvunjia heshima au kumfanya adharauliwe na watu. Adhabu ni siku 8 hadi mwaka 1 jela, na faini, au kimojawapo. Kifungu cha 75 ni cha matusi ya hadharani: siku 8 hadi miezi 2. Na tangu Machi 2023 tunayo sheria ya mambo ya dijitali, Code du numérique, kifungu cha 360: anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu mtandaoni anaweza kupata mwezi 1 hadi 6, na faini ya franka 500,000 hadi 1,000,000.

Soma tena maneno yako sasa. "Mwizi" na "tapeli" umeyathibitisha na nini? Ulicho nacho mkononi ni mkanda uliotiwa dawa isiyo yake. Huo ni uzembe. Mwizi ni mtu mwingine.

Mwana_Kampemba

Lakini avoka, kama kintu ni kweli, wanamufunga juu ya nini?

Avoka_wa_Kamalondo

Ndugu, hapo ndipo wengi wanapoumia. Kwenye kifungu cha 74, kusema "lakini ni kweli" hakukuokoi peke yake. Kinachotazamwa ni nia: ulisema ili kumwangusha mtu, au ulisema ili kueleza yaliyokupata? Ukweli unakusaidia sana kwenye 360, maana pale lazima habari iwe ya uongo. Kwenye 74 unasaidia kuonyesha kwamba hukuwa na nia mbaya, lakini hauifungi kesi. Mtu akishikwa na parke kwa wiki moja kabla hakimu hajasoma faili, hata akishinda ameshapoteza.

Simwambii mama anyamaze. Namwambia asimpe huyo patron silaha.

Mkatanga_Jozi

Niko Johannesburg. Huku makosa ya jinai ya kuchafua jina yalifutwa 2024, imebaki kesi ya madai tu, na ukionyesha kwamba ulichosema ni kweli na watu wana faida ya kukijua, unatoka. Nyumbani tumebaki nyuma jamani.

Avoka_wa_Kamalondo

Sawa kabisa, ila duka liko Lubumbashi na mama analala Katuba.

StudioNdogo

Mimi niko upande wa pili, nina kaduka kangu. Naomba niseme bila kutukanwa. SNEL ikikata umeme mashine ikiwa katikati ya kazi, digrii zinashuka na mkanda wa mtu umeharibika, na dawa zenyewe tunazingoja kutoka nje. Hiyo haimsamehi patron, mtu anayepokea Tri-X na kuiandika C41 hajui kazi, na kumjibu mteja vile mbele za watu ni aibu. Ila mjue studio nyingi zinaandika nyuma ya risiti kwamba likiharibika jambo, wanalipa thamani ya mkanda mtupu basi. Angalia nyuma ya yako. Na huo mchirizi, mama, umeuchunguza?

ChumbaChaGiza

Kaka amegusa jambo. Mchirizi ulionyooka hivyo unaweza kutoka kwenye roli za mashine, sawa, lakini unaweza pia kutoka kwenye punje ya mchanga ndani ya kamera, au kwenye mdomo wa kopo la filamu. Kwa vumbi letu la Septemba, mimi siapi. Huo usiuandike.

BintiKatuba

Nyuma ya risiti hakuna kitu, nimegeuza mara mbili. Nimeandika upya:

"Nilipeleka mikanda miwili studio (jina). Mmoja ulikuwa Tri-X 400, nyeusi na nyeupe, na nilisema hivyo kaunta. Risiti imeandika C41 kwa yote miwili. Tri-X imerudi bila picha na bila namba za pembeni, jambo linalotokea filamu hiyo ikitiwa dawa za rangi. Niliomba maelezo na pesa yangu. Niliambiwa kamera yangu ni mbovu. Hawajali kazi za watu. Mwenye filamu ya nyeusi na nyeupe aulize kwanza kama wanaisafisha. Picha za mkanda na risiti ziko hapa chini."

Avoka_wa_Kamalondo

Umeandika vizuri kuliko mawakili fulani ninaowajua. Toa "hawajali kazi za watu", hujui moyo wake. Sura yake usiiweke. Kwenye risiti funika namba ya simu na saini ya yule kijana.

Na maoni yatakayokuja chini yake uyachunge. Mtu akiandika "mwizi huyo", futa, maana ukimshangilia tu mtasomewa mashtaka pamoja.

Kabla ya yote, mpelekee barua: tatizo, risiti, unachodai. Mpe muda wa kujibu, na nakala isainiwe kwamba imepokelewa. Kifungu cha 258 cha kanuni ya madai kinasema anayesababisha hasara kwa kosa lake ailipe. Hicho kinakulinda wewe pia.

BintiKatuba

Nimerudi na habari. Barua niliipeleka na Papa yangu, kijana akasaini. Jioni patron akapiga simu, sauti imelainika kweli. Anarudisha pesa ya kusafisha yote miwili na filamu mpya juu, ila anataka nisaini karatasi kwamba sitaandika popote. Nifanyeje?

Avoka_wa_Kamalondo

Pesa chukua, ni haki yako. Saini kwamba umepokea kiasi fulani, nukta. Ile karatasi ya kunyamaza, ukiisaini halafu ukaandika, hapo umempa kesi mwenyewe.

StudioNdogo

Filamu mpya ameahidi aina gani? Isije ikawa ya rangi.

BintiKatuba

Ya rangi, kaka 😂

Pesa nimepokea, karatasi yake nimemwachia mezani. Nimeandika kama avoka alivyonyoosha, na juu kabisa nimeongeza kwamba pesa ya kusafisha imerudishwa. Papa ChumbaChaGiza, Tri-X nyingine iko nyumbani, haijasafishwa. Nitakuona inbox.

ChumbaChaGiza

Njoo nayo. Dawa yake, D-76, ipo, ni ya digrii 20 tu, tutaifanya pamoja ujue mwenyewe.

Mwana_Kampemba

Na ile post, yaya? Weka linki basi.